Pia ya mti na pia ya kompyuta: Mzazi, uliza inazunguka kwa kasi gani

Mtoto wa milimani huijua pia kabla hajajua kusoma. Kipande cha mti huchongwa kwa kisu, ncha yake ikanyooshwa, kamba ikaviringishwa mwilini mwake, kisha ikavutwa kwa nguvu. Pia iliyochongwa vizuri huzunguka hadi ikaonekana kama imetulia. Iliyopinda huyumba na kuanguka, na mwenyewe hurudi kwenye kisu.

Siku hizi kuna pia nyingine. Chukulia kijana wa darasa la sita amekuja likizo kwa bibi yake Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, Morogoro Vijijini, kwenye migomba, minanasi na pilipili manga. Mjomba wake ana kompyuta mpakato. Baada ya shikamoo, ombi la kwanza ni hili: “Mjomba, naomba kompyuta, nataka kutengeneza kitu kizunguke chenyewe.”

Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba ni zito katika malezi. Anaweza kukataa kwa kuwa mitandao inaharibu watoto. Anaweza pia kumwachia kompyuta na kwenda zake shambani. Majibu yote mawili ni mepesi, na yote mawili yanamwacha mtoto peke yake. Jibu linalomfaa ni kuvuta kigoda, kukaa naye na kumuuliza: kitazunguka kwa kasi gani?

Kucheza si sawa na kutengeneza

Mzazi wengi huona kioo kinawaka, basi wanahesabu kuwa ni mchezo. Kuna tofauti. Roblox, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2006, ina michezo mingi ambayo watumiaji wenyewe wameitengeneza. Kwenye simu mtoto hucheza tu. Ili atengeneze chake anahitaji kompyuta, na huko huandika amri kwa lugha iliyotokana na Lua.

Second Life, dunia ya kidijitali iliyofunguliwa mwaka 2003 na kutumiwa zaidi na watu wazima, ina amri moja iitwayo llTargetOmega. Mstari mmoja wa amri hiyo unatosha kuzungusha feni, gurudumu au nyota. Jambo la kushangaza ni kwamba kompyuta ya kila mtazamaji huuchora mzunguko huo yenyewe. Watu wawili waliosimama mbele ya feni ileile wanaweza kuiona ikiwa imeelekea pande tofauti. Kwa hiyo mzazi asitosheke kusimuliwa. Aangalie kile kinachoonekana kwenye kioo cha mtoto wake.

Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, pa kuanzia pazuri ni Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na chuo kikuu cha MIT cha Marekani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Ikishapakuliwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti, jambo linalowafaa wanaoishi mabondeni ambako mtandao huja na kupotea. Mtoto haandiki maneno mengi. Anapanga vipande vya amri kama anayejenga kwa matofali: bendera ikibonyezwa, rudia bila kukoma, geuka nyuzi 15.

Afya imo ndani ya namba

Hiyo 15 ndiyo namba ambayo mtoto huikuta imeshaandikwa. Mduara mzima una nyuzi 360, hivyo hatua 24 zinaumaliza. Scratch hurudia amri hiyo mara 30 kwa sekunde. Piga hesabu: 30 mara 15 ni nyuzi 450, yaani mzunguko mmoja na robo kila sekunde.

Sasa tuseme kijana ameipaka pia yake mistari minane myeusi na minane myeupe, ikipishana. Kwa kasi hiyo, weusi na weupe vitapishana mara 10 kwa sekunde mbele ya macho yake. Akibadilisha 15 kuwa 3, pia itachukua sekunde nne kumaliza mzunguko, na rangi zitapishana mara mbili tu kwa sekunde.

Tofauti hiyo si ya urembo tu. Mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kumsababishia degedege mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti unataka mmweko usizidi mara tatu kwa sekunde. Desemba 16, 1997, watoto zaidi ya 600 nchini Japani walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mwanga mwekundu na wa bluu uliopishana kwa kasi.

Kifafa cha aina hiyo si cha kawaida. Kati ya watu 100 wenye kifafa, ni kama watatu tu wanaoathiriwa na mwanga. Hata hivyo, wapo wasiojijua hadi siku ya kwanza inapowatokea. Mkoa wa Morogoro wenyewe una historia ndefu ya ugonjwa huu: huko Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960, wengi wao wakiwa wamefichwa majumbani kwa hofu kwamba kinaambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa.

Kizunguzungu nacho kinatoka wapi?

Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, inayouambia ubongo kuwa kichwa kinageuka. Mtoto akitazama kitu kikubwa kinachozunguka kwenye kioo, macho yanasema “tunaenda” huku masikio yakisema “tumekaa”. Ubongo ukipata habari mbili zinazogongana, huja kichefuchefu, jasho na kichwa kuuma. Ni kama anayesoma simu ndani ya gari kwenye kona za milimani, ila huko macho ndiyo yanayosema “tumekaa”. Dawa ya kwanza ni kuacha kutazama na kuangalia mbali, kwenye kilima au mstari wa miti.

Mjomba afanye nini?

Kwanza, aulize kama mtoto au ndugu yake yeyote amewahi kupata degedege au kuzimia. Jibu likiwa ndiyo, amwone daktari kwanza kabla ya michezo yenye mwanga mkali.

Pili, waanze na namba ndogo. Watumie rangi zilizopoa, waepuke mistari myeusi na myeupe na wekundu unaowaka na kuzima. Chumba kiwe na mwanga, na mtoto akae mbali kidogo na kioo.

Tatu, kila baada ya dakika 20 mtoto ainue macho na kutazama mbali kwa sekunde 20.

Nne, wadogo waachwe nje ya mambo haya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku.

Mtoto akianza kuona vibaya au mikono kushtuka, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke mbali na kioo. Kufumba macho yote ghafla kunaweza kuongeza tatizo. Akianguka kwa degedege, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni na tazama saa. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, na usimbane kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, au ikijirudia kabla hajazinduka, mkimbize kituo cha afya.

Ukitimiza hayo, hakuna sababu ya kumnyima kijana kompyuta. Anayeigeuza 15 kuwa 3 na kuona kilichobadilika amejifunza nyuzi, kasi na subira, na amejifunza pia kumfikiria atakayetazama kazi yake.

Kisha izimwe, atoke nje. WHO inataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na uwanja wa bibi una nafasi. Mjomba achukue kisu na kipande cha mti, amchongee pia, naye mtoto atafute kamba. Hiyo haihitaji chaji, na ikiyumba, wote wawili wataona ni upande gani wa kuchonga tena.