Muganuro: Sikukuu ya Mbegu na Limbuko

Huku kwetu Uvira, ambako milima ya Mitumba imesimama nyuma ya nyumba na ziwa Tanganyika limetanda mbele yake, mwaka wa mkulima hufunguliwa na mvua, ambayo ifikapo Septemba au Oktoba huipoza ardhi ya bonde la Ruzizi iliyokaushwa na kiangazi. Na ng'ambo ya ziwa, katika zama za wafalme wa Burundi, kupanda mbegu hakukuwa shughuli ya mtu na jembe lake tu, bali kulikuwa ibada na amri ya dola kwa pamoja.

Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Desemba, mwami, yaani mfalme, aliadhimisha Umuganuro: ngoma tukufu ya Karyenda, iliyokuwa alama ya enzi yenyewe, ilitolewa kwa taadhima, ngoma nyingine zikaitikia, naye mwami akala ugali wa mtama, ndipo raia wakapata idhini na baraka za kupanda. Rwanda, sikukuu hiyo, iitwayo huko Umuganura, ilikuwa ya limbuko, na mfalme ndiye aliyeonja kwanza ulezi na mtama mpya. Hata kisiwani Ijwi, katika ziwa Kivu ambalo maji yake hutushukia kwa mto Ruzizi, Wahavu walikuwa na Muganuro wao.

Watawala wa kikoloni wa Kibelgiji walitambua kwamba anayeshika ufunguo wa mavuno ameshika nchi. Mwaka 1925 waliipiga marufuku sikukuu ya Rwanda, na Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, wakamhamishia Burundi. Na muongo huo haukwisha vizuri kabla ya Umuganuro wa Burundi nao kuzimika.

Ajabu ni jinsi urithi huo ulivyogawanyika. Burundi zimebaki ngoma, ambazo UNESCO iliziandika katika orodha yake mwaka 2014. Rwanda imerudi sikukuu, tangu mwaka 2011, kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti, lakini bila mfalme. Vijijini wazee huketi mbele ya vikapu vya mahindi, maharage na mtama, watoto wakapita mmoja mmoja kunyweshwa maziwa, huku watu wazima wakipokezana ikigage, pombe ya mtama.

Wako wasemao kwamba sikukuu bila mwami ni maigizo matupu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba hata zamani ibada haikuishia ikuluni: kila baba naye aliwaita wanawe waje kula limbuko nyumbani kwake, na jirani ambaye shamba lake halikuzaa alipewa sehemu katika mavuno ya wenzake, wala hakuaibishwa. Ada hii ya kumgawia jirani haikuhitaji kiti cha enzi, na ndiyo inayostahili kufufuliwa kwanza popote pale. Kwani sherehe inayomwacha mwenye njaa nje ya ua, hata ngoma zake zilie namna gani, si Muganuro.