Kipimo cha kinyama cha titi: Usikubali jibu nusu

Wiki kadhaa zilizopita, tulipokuwa tunatoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, bwana mmoja wa makamo alinisubiri pale kwenye viatu. Akaniambia, "Dokta, nina swali dogo tu." Swali lenyewe halikuwa dogo. Mkewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa titi na cheti cha maabara kikasema ni saratani. Jirani yao naye aliwahi kuugua maradhi hayo hayo, akapewa vidonge, na huu ni mwaka wa sita yuko salama, anauza vitumbua vyake kama kawaida. Yule bwana alikuwa ameshapita duka la dawa na kununua vidonge vya aina ile ile ya jirani. Akavitoa mfukoni kunionyesha. Alitaka nimwambie mkewe ameze vingapi kwa siku.

Nilimuomba asimpe mkewe hata kimoja mpaka tuione ile karatasi ya majibu, tena karatasi nzima. Akashangaa. Majibu si yameshasema ni saratani?

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Saratani ya titi ni jina moja lakini ndani yake mna maradhi zaidi ya moja. Uvimbe wa mama huyu na uvimbe wa jirani yake ukiugusa kwa mkono unaweza kuwa sawa kwa ukubwa na ugumu, na hata picha ya eksirei ikafanana. Mmoja utaenda taratibu kwa miaka mingi, mwingine utakimbia. Mmoja utasikia dawa fulani, mwingine hautasikia kabisa. Pamoja na ukubwa wa uvimbe na hali ya matezi ya kwapani, tofauti hiyo husomwa ndani ya kile kinyama kilichokatwa, na haisomwi kwa kuuliza "ni saratani au si saratani" peke yake.

Jambo la kwanza anachotazama mtaalamu kwenye hadubini ni sura ya chembechembe zenyewe. Je, bado zinajipanga kama vijifereji vya titi la kawaida, au zimevurugika? Viini vyake vimeharibika kiasi gani? Zinagawanyika kwa kasi gani? Kila swali hupewa alama 1 hadi 3, kisha hujumlishwa. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 ni la pili, na 8 au 9 ni la tatu, ambalo ndilo kali. Usichanganye daraja na hatua ya ugonjwa. Hatua inasema saratani imefika wapi, daraja linasema ina tabia gani. Nimekutana na wagonjwa waliolia usiku kucha kwa kusoma "daraja la 3" wakidhani wameambiwa imesambaa mwili mzima, kumbe haijatoka hata kwenye titi.

Jambo la pili ndilo lililohusu vidonge vya yule bwana. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, alitangaza kwamba alimuondoa mgonjwa wake mayai ya uzazi na saratani ya titi ikanywea. Wengine wakajaribu, wakakuta baadhi ya wanawake wananufaika na wengine hawapati kitu. Kwa nini? Jibu lilikawia. Ni mwishoni mwa miaka ya 1950 ambapo Elwood Jensen, akiwa Chicago, alionyesha kwamba homoni ya kike ya estrojeni hushikwa na kitu maalumu ndani ya chembechembe zinazoitumia, tunachokiita kipokezi. Fikiria kufuli na ufunguo. Estrojeni ni ufunguo, kipokezi ni kufuli. Saratani yenye makufuli hayo hufunguliwa na homoni ya mgonjwa mwenyewe, ikapata nguvu ya kukua. Kidonge cha tamoksifeni huingia kwenye tundu la kufuli na kuliziba. Saratani isiyo na kufuli, utaziba nini?

Ndiyo maana kinyama hupakwa dawa maalumu ya rangi, na chembechembe zenye vipokezi hugeuka rangi ya kahawia. Kwenye karatasi utaona herufi ER, yaani kipokezi cha estrojeni, na PR, kipokezi cha projesteroni. Zikionekana chembechembe zenye rangi kuanzia asilimia 1, jibu la ER huhesabiwa chanya, ingawa kati ya 1 na 10 huitwa chanya hafifu na faida ya vidonge haina uhakika ule ule. Kwa mwenye ER chanya, tamoksifeni ya miaka 5 hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban theluthi moja. Kwa mwenye ER hasi haipunguzi, na madhara yake, yakiwemo ya damu kuganda kwenye mishipa, yanabaki pale pale.

Vipokezi hivi pia vinatueleza mwendo wa ugonjwa. Saratani yenye ER chanya kwa kawaida ni mpole mwanzoni, lakini ina tabia ya kujificha, na inaweza kurudi hata baada ya miaka 15 au 20. Kwa hiyo mama anayesema "nimemaliza miaka mitano, nimetoka" bado anahitaji kuangaliwa. Isiyo na ER, PR wala HER2, ambayo wataalamu huiita hasi tatu, ikirudi mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu hivi ya mwanzo. Hiyo huonekana zaidi kwa wanawake vijana na kwa wenye asili ya Afrika, nasi tusiichukulie kama habari ya watu wa mbali.

HER2 ni nini? Ni protini iliyo juu ya ngozi ya chembechembe, inayopokea amri ya kukua. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake ambao uvimbe wao una nakala nyingi za jeni hiyo walirudiwa na ugonjwa mapema na kufa mapema zaidi. Ilikuwa habari mbaya tupu, mpaka ilipopatikana trastuzumabu, dawa ya kuizuia HER2, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Majibu ya HER2 huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Tatu ni chanya. Mbili ni jibu la shaka, linataka kipimo kingine cha kuhesabu jeni zenyewe, na mgonjwa asiachwe aning'inie hapo.

Kuna na Ki-67, inayoonyesha ni chembechembe ngapi ziko katika kugawanyika. Jina hilo limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani. Kuna pia vipimo vinavyosoma jeni 21 au 70 kwa mpigo ili kujua nani anaweza kuepushwa na tibakemikali, lakini bei yake kwa wengi wetu ni ya kusimuliwa tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Tulipokuwa madrasa tulifundishwa kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imepita kwa nani na kwa nani. Kinyama nacho kina wapokezi wake, kuanzia chumba cha upasuaji hadi maabara, na mmoja akizembea jibu huharibika. Nimeona kwa macho yangu titi zima limewekwa ndani ya maji ya chumvi tangu Ijumaa hadi Jumatatu kwa sababu formalini ilikuwa imekwisha. Kinyama kilichokawia namna hiyo huanza kuoza, vipokezi hupotea, na karatasi itaandikwa "hasi" kwa mgonjwa ambaye kweli alikuwa chanya. Mama huyo atanyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemsaidia.

Kinachotakiwa ni kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kukatwa, kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya 72. Formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama, na kipande kikubwa kichanwe ili dawa ipenye. Jina, tarehe na saa viandikwe kwenye chupa. Huku kwetu mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye hukabidhiwa chupa aipeleke kwa basi. Ukikabidhiwa, uliza: hii ni formalini? Kimekatwa saa ngapi? Usione haya, na usiiache nyumbani ukisubiri mwisho wa mwezi.

Wapo wanaokataa kinyama kwa kuogopa kwamba saratani "ikichokozwa" husambaa. Kuchukua kinyama kwa sindano hakumfupishii mgonjwa maisha. Kinachofupisha ni kukaa nayo. Na kwa dada zetu wanaochelewa kwa sababu ya sitara, ombeni mhudumu wa kike. Asipopatikana, masheikh wamelieleza suala la dharura mara nyingi, waulizeni.

Tukirudi kwa yule bwana, karatasi yake ilikuwa na mistari miwili: saratani, daraja la 3. Hakuna ER, hakuna PR, hakuna HER2. Alidhani kinyama kimeshatupwa. Nikamweleza kwamba maabara hukigandisha ndani ya kibonge cha nta, wenyewe hukiita bloku, na bloku huweza kupimwa hata baada ya miaka kadhaa. Akaenda na namba iliyo juu ya karatasi, ikatafutwa, ikapatikana, akapewa barua ya kuipeleka kwenye maabara yenye uwezo wa kipimo hicho.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. ER hasi, PR hasi, HER2 3+. Mkewe sasa yuko mikononi mwa madaktari wa saratani, na dawa anayoihitaji si ile ya jirani. Vile vidonge bwana alivirudisha duka la dawa. Hawakumrudishia fedha.