Silika na Sura Zake Katika Maabara

Mtu akichota mchanga mweupe wa pwani ya mashariki ya Unguja, akaudondoshea siki kali, ataona povu likifura, kwa kuwa mchanga ule aghalabu ni masalia ya matumbawe na makombe, jamii ya chokaa. Bali akifanya vivyo hivyo kwa mchanga wa mtoni uliotoka bara, ambao sehemu yake kubwa ni chembe za kwatsi, siki itapita bila ya kuuathiri. Tabia hiyo ya kuzikaidi tindikali karibu zote ndiyo iliyoipatia silika makao katika kila maabara.

Silika ni muungano wa silikoni na oksijeni, ambamo kila atomu ya silikoni imezungukwa na nne za oksijeni, na kila oksijeni inashirikiwa na silikoni mbili, hata mtandao ukaenea pande zote. Ukijipanga kwa nidhamu, twapata kwatsi. Ukijipanga kwa nidhamu nyingine, katika joto kubwa zaidi, twapata kristobaliti. Na ukiyeyushwa kwa joto lipitalo nyuzi 1,700 za Selsiasi, kisha ukapozwa kabla atomu hazijawahi kurudi katika safu zake, twapata kioo cha silika tupu, ambacho hutanuka kwa uchache mno hata chombo chake kikitolewa motoni kikiwa chekundu na kutumbukizwa majini hakipasuki. Kwa kuwa chombo cha namna hiyo ni ghali, Otto Schott wa mjini Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, alichanganya silika na oksidi ya boroni, akapata kioo ambacho kutanuka kwake ni kama thuluthi ya kule kwa kioo cha dirisha, na ambacho ndicho cha bika na mirija mingi ya maabara hata leo.

Lakini sura istahiliyo maelezo marefu zaidi ni jeli ya silika, ambayo wengi waijua kwa vile vifuko vidogo vya ndani ya maboksi ya viatu, vinavyotupwa bila ya kuulizwa kazi yake. Hupatikana kwa kutia tindikali katika maji ya kioo, yaani silikati ya sodiamu iliyoyeyuka majini. Mchanganyiko huganda, huoshwa chumvi zake, hukaushwa, na maji yanapotoka huacha vinyweleo visivyohesabika, hata gramu moja ya punje hizo ikawa na eneo la ndani la mamia ya mita za mraba. Juu ya eneo hilo mna vikundi vya oksijeni na haidrojeni vyenye kuyapenda maji, navyo huunasa mvuke wa hewani. Punje zilizotiwa kloridi ya kobalti huwa buluu zikiwa kavu na waridi zikishiba, nazo zikiwekwa katika tanuri ya nyuzi 120 hivi hurudia ubuluu wake. Ila kobalti hiyo yahesabiwa miongoni mwa viletavyo saratani, na kwa maoni yangu maabara za shule zingeziacha.

Jeli hiyo hiyo, ikisagwa na kujazwa katika mrija wima, hutenganisha vitu vilivyochanganyika: kishikwacho kidogo na uso wa silika hutangulia kutoka, na kishikwacho sana huchelewa. Archer Martin na Richard Synge waliitumia katika kazi waliyoitangaza mwaka 1941, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1952.

Kinachoishinda silika, ghairi ya tindikali ya hidrofloriki, ni magadi makali. Ndiyo maana chupa ya soda kali haifungwi kwa kizibo cha kioo, kwani silikati inayozaliwa shingoni hukigandisha kisizibuke tena. Katika Ziwa Magadi, Kenya, jambo hilo limetendeka kwa kadiri kubwa: maji yake makali yamebeba silika nyingi, na mwaka 1967 Hans Eugster alieleza silikati ya sodiamu iliyotoka huko, ambayo jina lake, magadiaiti, ni la ziwa lenyewe.

Kuhusu vumbi, tofauti ya sura si ya kitabuni tu. Udongo wa diatomu, kama ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, wenye kutumika kuchujia, ukiwa mbichi huwa zaidi ni silika isiyo na safu, ilhali ukichomwa kwa joto kali sehemu yake hugeuka kristobaliti, ambayo vumbi lake, kama lile la kwatsi, hutia makovu mapafuni yasiyoponyeka. Kwa hiyo ni wajibu wa mwenye kuupima kusoma kwenye mfuko iwapo umechomwa, na kuvaa barakoa kabla ya kuufungua.