UZI: Kompyuta ikikosea, nani analipa?

1/ Siasa zikipamba moto huku Turkana, husikosi hoja mbili. Mmoja anasema vijana wetu wananyimwa kazi. Mwingine anajibu: usalama kwanza, lazima watu wachunguzwe. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na naona wote wanaruka swali lenyewe: uchunguzi ukikosea, nani anabeba mzigo?

2/ Tuanze Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992. Kwa miaka ya ukame, kuna wenyeji walioandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Mtoto akachukuliwa alama za vidole. Hakuulizwa lolote. Angejua nini?

3/ Sasa ana miaka 18, anaomba kitambulisho. Vidole vinasomwa, kompyuta inasema huyu ni mkimbizi. Ombi linakwama hapo. Huu ndio usajili wa mara mbili. Si shida ya Turkana pekee. Upande wa Garissa, karibu na kambi za Dadaab, ndiko umeumiza wengi zaidi. Makadirio yanayotajwa sana ni watu kama 40,000.

4/ Bila kitambulisho huwezi kuomba cheti cha tabia njema cha DCI. PIN ya KRA pia ni ndoto. Na kazi nyingi za mashirika Kakuma, ama za ofisi pale Lodwar, zinataka hizo karatasi. Hapa hujachunguzwa ukapatikana na doa. Hujafika hata kwa foleni ya kuchunguzwa.

5/ Kosa la pili: kitambulisho unacho, lakini uliwahi kushtakiwa na kesi ikatupwa. Kama uamuzi wa korti haukufika DCI, rekodi yako inabaki kana kwamba kesi bado iko. Nani anatumwa kutafuta nakala ya uamuzi? Ni wewe, kwa nauli yako. Na Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120.

6/ Mtu ataniambia, "Si msasa uliondolewa?" Ni kweli, Februari 2025 serikali ilitangaza kwamba vijana wa kaunti za mpakani hawatapigwa tena msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Ni hatua nzuri. Lakini kuondoa kamati ya wazee hakufuti vidole vilivyo kwenye kompyuta. Hayo ni mambo mawili tofauti, msichanganywe.

7/ Sheria tunayo. Katiba, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa ama kufutiwa habari za uongo zinazomwathiri. Kifungu cha 47 kinadai ofisi zitende haki bila kuchelewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inarudia haki hiyo ya kusahihishiwa. Shida ni kwamba tangazo la kazi lina tarehe ya mwisho, na marekebisho yanaweza kuchelewa.

8/ Kama yamekupata, omba marekebisho kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maneno ya dirishani hayana ushahidi.

9/ Na mgombea akija kuahidi kazi, muulizeni: kosa likipatikana, lirekebishwe kwa siku ngapi? Afisa gani anaweka sahihi? Na akichelewa, nani anawajibika? Akijibu "tutaangalia", basi hana mpango.