Pombe: kijana, sababu yako ni ipi?

Ndugu kijana, umeshaambiwa mara nyingi kwamba pombe huharibu ini. Ni kweli. Lakini ukiwa na miaka 22, ugonjwa wa ini unauona mbali. Kazi hakuna, ruhusa ya kutoka kambini haipatikani kirahisi, jioni ni ndefu na marafiki wanakuita. Vitisho peke yake havitoshi. Kinachowasaidia vijana wengi kupunguza ni sababu iliyo karibu, waliyoichagua wenyewe. Je, yako ni ipi kati ya hizi?

Fedha. Ukitumia shilingi 500 kila siku kwa urwarwa au kasiksi, kwa mwezi ni shilingi 15,000, na kwa miezi sita ni 90,000. Huo ni mtaji wa kuuza dagaa au sabuni. Na ukiuza unga wa mgao ili unywe, watakaolala njaa ni wadogo zako.

Heshima. Kambini tunaishi karibu karibu. Ukianguka njiani leo, kesho kijiji kizima kinajua, pamoja na wazazi wa yule unayetaka kumchumbia.

Usalama wa usiku huu. Ugomvi, wizi na ngono bila kondomu hutokea kirahisi zaidi watu wakilewa. Ukibakwa, kosa si lako hata kama ulikunywa. Fika kituo cha afya haraka, kabla saa 72 hazijapita, upate dawa za kuzuia VVU.

Ukiamua kunywa

Mwezi Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kwa hiyo asiyekunywa asianze. Wewe unayekunywa, punguza hatari hivi:

- Amua idadi ya vikombe kabla ya kutoka nyumbani, na chukua fedha za idadi hiyo tu.
- Kula kwanza, na kunywa maji katikati.
- Mkinywa kwa mirija katika chungu kimoja, huwezi kuhesabu. Tumia kikombe chako.
- Nendeni pamoja, rudini pamoja, na mmoja wenu asinywe.
- Epuka gongo, kanyanga na lutuku. Pombe hizi ni kali sana, na zinaweza kuwa na sumu iitwayo methanoli. Huwezi kuitambua kwa macho, kwa harufu wala kwa kuonja. Uganda mwaka 2010 na Kenya mwaka 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye sumu hiyo. Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima: kuona ukungu, kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa shida. Usilale ukisubiri zipite. Nenda kituo cha afya mara moja.

Usinywe kabisa ikiwa una mimba, unaendesha pikipiki, unatumia dawa za kifua kikuu, au hujatimiza miaka 18.

Rafiki akizimia

Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa wala kahawa, na usimwache peke yake. Kama haamki ukimwita, au anapumua polepole sana, mbebeni hadi kituo cha afya. Waiteni sungusungu wawasaidie. Msiogope kusema alikunywa nini, kwani mganga anahitaji kujua ili amtibu.

Kama mikono inatetemeka

Ikiwa unakunywa kila siku, na usipokunywa asubuhi unatetemeka na kutoka jasho, usiache ghafla ukiwa peke yako. Unaweza kupata degedege, na hata kufa. Njoo kituoni, au zungumza na mhudumu wa afya wa kijiji chako, ili usaidiwe kuacha hatua kwa hatua. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika.

Jioni hii, kabla ya kikombe cha kwanza, mwambie rafiki mmoja sababu yako na idadi uliyoamua. Mwombe akukumbushe, nawe umkumbushe yake. Ahadi uliyompa rafiki ni ngumu kuivunja kuliko ile uliyojipa mwenyewe kimya kimya.