Tela ya baiskeli: Kazi yote iko kwenye kiungio

BAISKELI ni mguu wa mfanyabiashara mdogo hapa Rusizi, mahali ambapo wengi wetu tuliorejea bado tunapaita Cyangugu ingawa wilaya hii iliundwa mwaka 2006. Lakini keria ikibebeshwa magunia mawili, usukani huwa mwepesi, na mwenye baiskeli hushuka akaanza kusukuma. Tela ya magurudumu mawili huweka mzigo chini, na baiskeli ikabaki baiskeli.

Tela yenyewe si kazi ngumu: magurudumu mawili ya baiskeli chakavu, fremu ya mbao au chuma cha pembe, basi. Kinachowashinda watu ni kiungio. Wengine huchomelea bomba moja kwa moja kwenye keria. Ikumbukwe kwamba baiskeli hulala inapokata kona, tela hailali. Chuma kisichokubali kujipinda kitapasuka tu, na kwa kawaida hupasuka mlimani mzigo ukiwa umejaa.

Changu nilikitengeneza hivi. Nilikata bapa la chuma la unene wa milimita 5, nikatoboa tundu la milimita 10 na kulivisha kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kwa kuwa kulia kuna mnyororo. Nati isipoingia yote kwenye nyuzi za ekseli, tafuta ekseli ndefu zaidi. Hapo hakuna mjadala. Kwenye bapa, fundi alichomelea kipande kifupi cha bomba. Juu yake nikavisha mpira mnene wenye nyuzi ndani, wa aina ya mipira ya maji ya injini za lori, nao ukaingia upande wa pili kwenye mkono wa tela. Kila upande una bolti iliyopita katikati, na washa pana. Mpira huo hujikunja juu, chini na pembeni, hata baiskeli ikianguka tela husimama.

Usisahau kamba ya akiba kutoka mkono wa tela hadi kwenye fremu. Mpira ukikatika, kamba ndiyo itakayozuia mzigo usirudi nyuma kwa watu.

Upakiaji nao una kanuni yake. Kizito kikae mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Kikizidi nyuma, mkono huinuka na kunyanyua gurudumu la nyuma la baiskeli.

Je, tela inafaa kila njia? Hapana. Katika tambarare ya mpunga ya Bugarama inafaa sana. Mteremko wa kutoka Kamembe hadi daraja la Rusizi ni jambo jingine: mifuko miwili ya saruji ni kilo 100 zinazokusukuma mgongoni, na breki za baiskeli zilitengenezwa kwa ajili ya mtu. Wenzetu wa Goma wana chukudu yao ya mbao, chombo kimoja kisicho na kiungio. Sisi wenye tela tushuke kwa miguu, mwenzako akishika kamba nyuma.

Kaza bolti jioni ya siku ya kwanza, kwani hapo ndipo hulegea. Mpira ukionyesha ufa, ubadilishe kabla ya kwenda sokoni.