Mzigo Hufungwa Pwani

Anayezuru jengo la Karavanserai mjini Bagamoyo huambiwa habari za pembe za ndovu, za mizani mara chache. Katika karne ya 19, shehena ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungwa kwanza kwa kipimo: kama frasila mbili, takriban kilo 32, kwa kila mpagazi. Ndani mlikuwa na shanga, vitambaa au nyaya za shaba, lakini bega lilipokea uzito ule ule. Mpagazi akiugua, mwenzake aliubeba mzigo bila kuufungua.

Mwaka 1956 mfanyabiashara wa usafirishaji Malcom McLean aliipeleka kanuni hiyo baharini, akasafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Machi 2013, mwezi ule ule Tanzania na China zilipotia saini makubaliano ya bandari ya Bagamoyo, mhandisi wa programu Solomon Hykes alionyesha zana ya Docker huko California. Lake lilikuwa kontena la programu.

Lilitibu malalamiko ambayo kila fundi wa programu anayajua: “Mbona kwangu inakubali?” Programu hufungwa pamoja na kila inachokitegemea, ikawa imeji, yaani kontena lililokwisha kufungwa, linalosubiri kuwashwa kwenye seva yoyote inayoliafiki.

Siku hizi mfungaji ni mashine. Fundi akituma badiliko kwenye hazina ya msimbo, seva huamka, huchukua msimbo, husoma maelekezo mstari kwa mstari, hujenga imeji, huipa namba ya toleo na kuipeleka ghalani. DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya yetu hukusanyia takwimu za vituo vya afya, msimbo wake uko wazi GitHub na imeji zake zinapakuliwa kutoka ghala la Docker Hub. Anayeuhudumia hahitaji kuujenga upya mfumo mzima kwa mkono.

Ila mashine haina macho ya mnyapara. Nywila iliyosahaulika ndani ya msimbo nayo hufungwa, ikafika kila imeji inakofika. Ndiyo maana majaribio na ukaguzi huwekwa kabla ya ghala. Uzito uliokosewa pwani, bega ndilo lililokuja kuujua, siku ya nne njiani.